Mzee Iko Ndani

Biryogo, Kigali
14 Februari 1988

Dada yangu Mwamini,

Ukiona doa la mafuta kwenye karatasi usinilaumu. Naandikia juu ya kaunta ya baba, na siku hizi kaunta haina sukari tena, ina grisi. Sisi hapa wazima, mke wangu Nyiransabimana anakusalimu, watoto wanaenda shule na kurudi bila viatu kwa sababu ya matope.

Chumba cha duka nimekigeuza karakana kabisa. Redio za watu zimepanga foleni kwenye rafu za chumvi. Lakini asubuhi nikifungua ule mlango wa mbao, kabla sijashika kazi, bado napata harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa, na kwa muda kidogo nakuwa mtoto anayesubiri kutumwa. Miaka miwili tangu tumzike baba, na chumba bado hakijakubali.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ofisi moja kule Kacyiru imetupa mashine ya kuchapa, zile zinazofungwa kwenye kompyuta. Dereva wao ni rafiki yangu, akaniletea mzoga wote. Ndani nimekuta mota mbili za namna ambayo sijawahi kuishika. Mota ya feni ukiipa umeme inakimbia tu, haijui inakwenda wapi. Hii haikimbii, inatembea. Unaipa umeme mara moja, inapiga hatua moja, tak, inasimama na kukaza hapo hapo. Ushike shafti yake kwa vidole, haikubali. Unaipa tena, hatua nyingine. Nimecheza nayo wiki nzima na kazi za watu zimelala.

Nia yangu ni hii. Nyiransabimana anadarizi kofia na shingo za kanzu kwa cherehani, na fremu ya kitambaa anaisukuma kwa mikono. Macho yake yameanza kuchoka. Nataka mota moja isukume fremu kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, yeye akae tu na kuangalia. Anasema kudarizi kunataka mikono, hakutaki redio. Tutaona.

Ila kwanza lazima nijue kama mota ina nguvu ya kutosha, maana fremu si nyepesi. Kupima nguvu ya kitu kinachozunguka si kama kupima maharage. Nimefunga rula ya mbao kwenye shafti, imenyooka kama mkono. Naning'iniza jiwe la mizani karibu na shafti, halafu nalisogeza nje kidogo kidogo. Kadiri jiwe linavyokwenda mbali, ndivyo mota inavyolemewa. Mahali inaposhindwa na rula ikaanguka, naweka alama. Uzito mara umbali, hiyo ndiyo nguvu yake.

Na mawe ya mizani ni yale ya shaba ya baba, la kilo na la nusu kilo lenye ngozi chini. Nilipolishika hili la ngozi nilimsikia kabisa. Mteja anasema, "Mzee Maneno, tia nyongeza kidogo," ile konzi ya sukari ambayo kila duka la Biryogo liliimwaga juu ya kipimo. Naye baba, bila kuinua macho: "Iko ndani." Konzi haikutoka ng'o. Watu wakasema kweli iko ndani, ndani ya nyumba yake, na funguo anazo yeye. Mpaka leo wazee wakinikuta stendi ya Nyabugogo wananiita mtoto wa Mzee Iko Ndani. Nacheka nao, nitafanyaje.

Nikimaliza kupima nitakuandikia.

Mdogo wako,
Twahiru


Ujiji
9 Machi 1988

Mdogo wangu Twahiru,

Barua yako nimeisoma mbele ya shemeji yako, na ile habari ya mota inayotembea ameitaka mara mbili. Mimi nimesikiliza zaidi habari za kaunta. Umenirudisha nyumbani bila nauli.

Wewe unacheka ukiitwa mtoto wa Mzee Iko Ndani. Mimi sikuwahi kucheka. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni wakati mimi natoka chuo cha Kurani na wasichana wenzangu wananiimbia njia nzima, "Nyongeza iko ndani, mlango umefungwa." Niliwahi kumpiga mmoja kwa ubao wangu wa kusomea, ukapasuka, nikapigwa mimi. Nilimuuliza baba, kwa nini usiwape kama Mzee wa duka la pili anavyowapa? Akaniambia, "Pima sukari, mama." Basi. Nilimpenda baba sana, lakini jina lile lilikuwa linaniuma kila nikitumwa dukani kwa watu.

Ramadhani nayo inakuja, ndiyo maana yananijia haya. Unakumbuka alasiri za mfungo, watu wamejaa mpaka barabarani kununua sukari ya uji? Mimi ndiye niliyekuwa napima, baba anafunga karatasi. Alikuwa na mikono ya kufunga karatasi yule mzee, hata punje haikudondoka. Na sheria yake moja: "Sukari ipimwe na la ngozi." Ukishika jiwe jingine anakutazama tu, unarudisha mwenyewe.

Sasa nisikilize. Shemeji yako amestaafu, na chumba cha mbele tumekipiga chokaa. Nafungua duka baada ya Idi. Sukari, chumvi, sabuni, maharage, vitu vya nyumbani tu. Nataka mizani ya baba na mawe yake yote, hasa la ngozi. Na juu ya mlango nataka paandikwe DUKA LA MANENO. Ndiyo, jina lake. Nataka lisimame mahali ambapo hakuna anayelicheka. Nimelibeba hili moyoni tangu siku ya maziko, niliposikia mtu uani akisema, "Leo na yeye yuko ndani," na wengine wakacheka kwa pua. Sitalisahau.

Kwa hiyo maliza kupima mota yako, kisha nitumie mizani na mawe. Kuna malori ya Bujumbura kila siku hapo Nyabugogo, mpe dereva mwaminifu.

Dada yako,
Mwamini


Biryogo
4 Aprili 1988

Dada Mwamini,

Barua yako imefika. Hongereni kwa duka, Mungu alitie baraka.

Kuhusu mawe, bado nayatumia. Mota zimenisumbua, vipimo havikai sawa, lazima nirudie mwanzo. Sijui nitamaliza lini. Nafikiri ingekuwa vizuri ununue mapya hapo Kigoma. Mapya yana mhuri wa serikali, hayana maneno. Haya ya baba ni ya zamani, yamelika.

Halafu kuhusu jina. Huko Ujiji nani anamjua Maneno? Wateja wanapenda jina la kuvutia. Duka la Amani, au Duka la Baraka. Fikirieni.

Nyiransabimana anakusalimu. Mfungo mwema.

Twahiru


Ujiji
20 Aprili 1988

Twahiru,

Barua yako ni fupi kuliko orodha ya sokoni. Nimeisoma nikaigeuza nyuma nikidhani kuna zaidi.

Nilikuomba mawe ya baba yangu. Sikukuomba nyumba, sikukuomba chumba cha duka ambacho ulikichukua na sikusema neno kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza. Nimeomba shaba mbili na mizani ya kutu. Kumbe nazo zimepata mwenyewe. Sasa ni zako, za kuning'iniza kwenye rula.

Na "nani anamjua Maneno"? Mimi namjua. Wewe umeanza lini kumwonea haya? Miaka yote ulikuwa unacheka na hao wazee wa Nyabugogo, mimi ndiye niliyekuwa napigana. Leo mimi nataka kuliandika jina, wewe unaniambia Baraka.

Niko kwenye mfungo, sitaki kuandika zaidi nikaharibu swaumu yangu. Lakini umeniumiza.

Mwamini


Biryogo
28 Aprili 1988

Wifi yangu Mwamini,

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Twahiru hajui kama nakuandikia, na akijua atanuna siku tatu, nimejiandaa. Barua yako aliisoma akaiacha juu ya cherehani yangu. Mimi nikaisoma, nikaona hapana, hii haiwezi kukaa hivi.

Wifi, hakunyimi mawe. Anakuficha jambo kwa sababu anakupenda.

Nitakueleza kama nilivyoelewa, mimi ni mtu wa sindano. Alipima mota kwa jiwe la kilo, akaweka alama kwenye rula. Akapima kwa jiwe la nusu. Anasema jiwe la nusu lilipaswa kwenda mbali mara mbili ndipo mota ishindwe. Halikufika. Akailaumu mota, akafunga ile ya pili, ikawa hivyo hivyo. Akailaumu rula, akailaumu betri ya gari. Akanilaumu na mimi, kwamba napiga cherehani karibu natikisa meza. Siku nne hivi akigombana na vitu. Mwishoni akasema, basi mwongo ni jiwe.

Akaenda nalo kwa muuza dawa mwenye mizani ya kupimia unga wa dawa. Akarudi amebadilika sura. Lile la ngozi si nusu kilo, wifi. Limezidi, na si kidogo, konzi nzima. Akabandua ngozi. Chini kuna shimo lililojazwa madini ya risasi, lile ambalo kila jiwe la mizani linalo tangu kiwandani, lakini juu ya risasi ya zamani yenye mhuri kuna nyingine imeyeyushwa na kumiminwa, haina mhuri. Mtu ameiongeza kwa mkono. Ngozi ilibandikwa ili isionekane.

Nikamwambia, si vizuri basi? Jiwe likizidi, mteja anapata sukari zaidi. Akaniambia, "Na maharage?" Anasema baba alikuwa ananunua maharage na mtama kwa wale akina mama wanaoshuka milimani asubuhi, na maharage ndiyo yaliyojenga nyumba hii. Ukinunua kwa jiwe zito, unachukua konzi ya mtu kila nusu kilo, na hajui. Anasema jiwe zito ni jiwe la kununulia, kila mfanyabiashara anajua hivyo. Na kama jambo lilikuwa jema, kwa nini alifunike na ngozi?

Sasa hapimi tena. Mota ameziweka uvunguni. Mzee akija na redio yake, Twahiru hamtazami usoni, anaogopa labda mama yake mzee huyo aliuza maharage hapa. Juzi nimemkuta amesimama nyuma ya kaunta, upande wa baba, anashika ile shaba tu. Nilimhurumia nikajifanya natafuta uzi.

Anataka ununue mawe mapya ili usilijue hili. Na jina anataka usiliandike ili siku likijulikana usiaibike. Ndiyo hayo. Nisamehe kama nimekosea kukuambia.

Wifi yako,
Nyiransabimana


Ujiji
10 Mei 1988

Twahiru mdogo wangu,

Usimnunie mkeo. Amefanya lililokushinda.

Kwanza nisamehe maneno yangu ya barua ile. Nilikuwa na hasira na njaa, vyote viwili. Nililia niliposoma kwamba ulikuwa unajaribu kunikinga. Lakini mimi ni dada yako mkubwa, mimi ndiye ninayekinga. Usinipokonye kazi yangu.

Sasa tuongee kama watu wazima. Mimi nilipima sukari dukani mle mpaka siku naolewa. Kila mara kwa la ngozi, na kila mara kwa kuuza. Kwa hiyo nusu ya neno naijua: sukari ilitoka imezidi, na mkono uliokuwa unaizidisha ni huu, na sikujua. Nimekaa na hilo tangu barua ifike. Nilikuwa naona aibu mbele ya watu ambao nilikuwa nawapa.

Nusu ya pili siijui. Maharage yalinunuliwa asubuhi mapema, mimi niko chuoni. Wewe ulikuwa mdogo, ulichokiona ni magunia. Sisi wawili hatuwezi kumtetea baba kwa kumpenda, wala hatuwezi kumhukumu kwa kuogopa. Lazima kuna mtu aliyekuwa upande wa pili wa mizani. Unamkumbuka Mukandekezi? Yule mama mwembamba wa kutoka Shyorongi, aliyekuwa anakuletea muwa? Nilisikia alihamia kwa mwanawe Kimisagara. Kama yu hai, nenda.

Muulize mama huyo, baba alinunua maharage kwa jiwe gani. Usimzungushe, na usimwelekeze jibu. Halafu niandikie alivyosema, neno kwa neno, hata kama ni baya. Duka nimelichelewesha. Fundi wa rangi alikuja, nimemwambia asubiri, juu ya mlango pabaki peupe. Jibu likiwa baya, nitafungua duka lisilo na jina na mawe hayo utayatupa mtoni. Likiwa jema, unajua.

Idi njema ikifika. Wapikieni watoto wale kabisa.

Mwamini


Biryogo
29 Mei 1988

Dada Mwamini,

Nimekwenda. Nitakuandikia kama alivyosema, umeniagiza neno kwa neno.

Siku ya pili ya Idi nilichukua jiwe nikalifunga kwenye kitambaa, nikateremka Kimisagara. Nyumba nilionyeshwa na wauza mkaa. Mukandekezi yu hai, amekuwa mdogo mdogo, macho hayaoni mbali lakini masikio yanasikia yote. Nilipojitaja akanishika mkono akaunusa kama zamani.

"Weye ni mutoto ya Maneno? Ule wa kulilia muwa? Ingia, kaa."

Nikakaa. Nikaletewa chai. Dada, nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamuuliza tu, "Mama, baba alikuwa ananunua maharage yako kwa jiwe gani?"

"Jiwe?" akasema. "Halage haikupimwa na jiwe. Ilipimwa na kopo. Kopo yangu mwenyewe, nilikuja nayo kutoka nyumbani. Kila mama na kopo yake. Maneno alikubali kopo ya mutu, hata ukijaza kirima juu hasemi kitu. Ile mizani ilikuwa ya sukali na chumvi."

Kirima ni kilima, dada. Walikuwa wanajaza mpaka juu na kutengeneza kilima, na baba anawatazama.

Nikatoa jiwe kwenye kitambaa nikampa mkononi. Akaligeuza, akapapasa ile ngozi ambayo nilikuwa nimeirudisha kwa gundi, akaanza kucheka taratibu. "Mbuzi yangu," akasema. "Hii ni mbuzi yangu."

Nakuandikia yote sasa. Alikuwa amefiwa na mume karibuni, Kiswahili hajui, anauza maharage kwa baba na palepale ananunua sukari na chumvi ya nyumbani. "Wengine wanasema Mzee ongeza, wanaongezwa. Mimi nilikuwa na haya. Kuomba nilikuwa siwezi. Naangaria tu mukono ya Maneno inamwagia wengine." Siku moja baba alimwona anavyotazama. Juma lililofuata akamwomba kipande cha ngozi ya mbuzi. Alipoleta, baba alitoa jiwe, akamwonyesha risasi aliyoimimina, akabandika ngozi mbele yake.

"Akaniambia, Mukandekezi, usiombe tena. Kuanzia leo iko ndani. Yako iko ndani, na ya ule mwenye mudomo mukubwa pia iko ndani. Wote sawa."

Nikamuuliza kwa nini baba hakuwaambia watu, na kwa nini yeye mwenyewe, miaka yote wanavyomcheka mzee, hakusema.

Akanishangaa kweli. "Kusema nini? Si alikuwa anasema mwenyewe, kira siku, mbele ya watu? Iko ndani, iko ndani. Mimi nilidhani wote munajua, munacheka kwa kupenda. Nyie ndio Waswahiri, Kiswahiri ni chenu. Mulitaka aseme na lugha gani?"

Nililia pale mbele ya wajukuu zake, mtu mzima mwenye ndevu. Akanipa muwa.

Nimerudi nyumbani nimefika kaunta nikatoa mota uvunguni. Nilichukua uzito wa jiwe kama mizani ya dawa ilivyosema, si kama sisi tulivyozoea kuuita, nikazidisha upya na zile alama zangu kwenye rula. Jiwe la kilo na la nusu yakakubaliana. Mota zilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, tena zina nguvu kuliko nilivyoziandika. Nimezisingizia udhaifu bure, na baba nimemsingizia vibaya zaidi. Nyiransabimana alinitazama akasema, "Na mimi je, niliyetikisa meza?" Nimeomba radhi kote.

Mizani na mawe nimempa dereva wa lori la Bujumbura, Gasana, ambaye tumesoma naye, atakabidhi kwa mtu wa boti ya Kigoma. Risasi sikuigusa. Ngozi nimeibana vizuri. Usinihurumie kwamba nimebaki bila mawe, napima kwa chupa ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ukitaka nusu unakunywa.

Fremu imetembea jana. Kushoto, kulia, tak tak tak, na sindano ikaifuata. Ua la kwanza limetoka limepinda upande, Nyiransabimana amelihifadhi hata hivyo. Kofia ya shemeji itakuja likinyooka.

Andika jina, dada. Andika kubwa.

Mdogo wako,
Twahiru


Ujiji
3 Julai 1988

Twahiru wangu,

Mawe yamefika salama na mizani imefika imepinda mkono mmoja, shemeji yako ameinyoosha. Lile la ngozi nililala nalo usiku wa kwanza chini ya mto, usimwambie mtu.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Ninachokirudia ni pale Mukandekezi anasema nyie ndio Waswahili. Mimi nilisoma, niliimba kaswida, nilikuwa nasahihisha watu wakikosea ngeli, na neno la baba yangu mwenyewe, maneno mawili tu, sikulisikia. Nilikuwa nasikia ubahili. Nimekasirika naye kidogo pia, nakuambia ukweli. Siku ile niliyorudi na ubao umepasuka angeweza kunigeuzia jiwe nikaona. Shemeji yako anasema labda aliogopa ningelitangaza mtaa mzima, na kweli ningelitangaza, na akina mama wenye haya wangejua wamehurumiwa. Sijui. Ningependa kumuuliza.

Fundi wa rangi alikuja na brashi yake tayari kwa DUKA LA MANENO. Nikamwambia hapana, andika IKO NDANI. Herufi kubwa, kijani. Jina nililolikimbia toka utotoni nimelipandisha mwenyewe juu ya mlango wangu. Jirani yetu ni mwalimu wa shule ya msingi, akaja asubuhi amefunga mikono nyuma, akaniambia kwa adabu, "Mama, hapo kuna kosa. Tungesema imo ndani." Nikamwambia najua, mwalimu, lakini aliyelisema alilisema hivyo. Akanunua sabuni akaenda.

Siku ya kwanza walijaa. Ujiji nako nyongeza wanaijua. "Bi Mwamini, ongeza basi, leo unafungua." Nikapima sukari, nikafunga karatasi kama baba, nikasema bila kuinua macho, "Iko ndani." Wakaguna. Bibi mmoja akaniambia duka lenye mkono wa birika halidumu. Twahiru, zamani ningejibu. Safari hii nilitaka kucheka kwa raha mpaka nikainama nikajifanya nafunga gunia.

Wamekwishanipa jina tayari. Mama Iko Ndani. Juzi wasichana wa chuoni wamepita wakiimba, si wimbo ule wetu, lakini maana ni ile ile.

Halafu jana, wakati nataka kufunga, alikuja mwanamke kijana aliyehamia mtaa wa nyuma, wanasema mumewe amemleta hapa na kurudi zake Mpanda. Alisimama mlangoni mpaka wengine wote wakaisha. Akaomba nusu kilo kwa sauti ya chini, akaweka pesa, macho ameyainamisha. Nikaweka la ngozi upande mmoja, nikamwaga sukari upande wa pili, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka mikono ya mizani ikalala sawa. Nilifunga karatasi polepole. Akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, hakuomba kitu.

Nilimtazama mpaka akakata kona, kisha nikafunga duka.

Dada yako,
Mwamini